Mama Moduli na Kibao cha Misumari

Tulimwita Mama Moduli. Kwa desturi yetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na yeye mtoto hakuwa naye, basi vijana wa ofisini wakampa alichokuwa nacho. Alilipokea jina hilo bila kucheka wala kununa. Mpaka leo nikikutana na mtu wa enzi zile, na siku hizi tunakutana misibani zaidi kuliko harusini, mmoja wetu akisema "yule mama," hakuna anayeuliza mama yupi.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la zamani, pale Kariakoo inapoishia na Gerezani inapoanza. Ilikuwa ofisi ya umma na sitaitaja. Ilikuwa miaka ya soko huria. Chini barabarani kila kilichokatazwa zamani kilikuwa kimeruhusiwa: redio za Dubai, friji zilizotumika, viatu vya mtumba, sabuni za kila rangi. Juu, kwenye ubao wa matangazo, zilibandikwa orodha za watu wanaopunguzwa kazi, na kila asubuhi tulipita pale tukijifanya tunatafuta ratiba ya mgao wa umeme. Katikati ya hayo mawili palikuwa na chumba kilichozibwa madirisha kwa mbao ili vumbi lisiingie. Humo ndimo alimokuwa yeye na mashine zake.

Zilikuwa kumi na sita, kompyuta kuukuu zilizoletwa na mradi wa wafadhili, zikaunganishwa kwa nyaya ili zifanye hesabu moja kwa pamoja. Wataalamu waliuita mtambo huo klasta. Hesabu ambayo kompyuta moja ingehangaika nayo wiki nzima, zile kumi na sita zikishirikiana zilimaliza kwa siku moja. Tulioutumia tulikuwa watu wa idara mbalimbali: wa hali ya hewa, wa udongo, wa ramani, na sisi wa maji. Kila idara ilikuwa na programu zake, na kila programu ilikuwa na matoleo yake, la zamani na jipya, na ukiyaacha yakae pamoja yanagombana. Kazi ya Mama Moduli ilikuwa kuyatenga. Kila toleo aliliweka katika fungu lake, hiyo ndiyo moduli, lenye jina na namba. Wewe ulitakiwa kuita moduli unayoitaka kabla hujaanza kazi yako. Ukiita, inakuja, usipoita, haikusumbui. Mkurugenzi wetu hakuwahi kuielewa kazi hiyo. "Yule mama anatupangia mafaili," aliwaambia wageni, nao walitikisa vichwa.

Alikuja kwa miguu kutoka Kisutu kabla ya saa moja asubuhi, sari kaipandisha kidogo kukwepa tope, mkononi vyombo vitatu vya chakula vilivyopandana. Hakula nyama wala samaki. Mtu akileta samaki wa kukaanga kutoka Feri, yeye alihamia kwenye korido na chapati zake, bila neno, na harufu ikiisha alirudi. Shukrani hakuzipenda. Ukimwambia "ahsante sana mama" alikuangalia kana kwamba umemmwagia kitu. Na alikuwa na mdomo. Ukikosea, alisoma kosa lako kwa sauti koridoni, neno kwa neno, mpaka wafagiaji wakalijua. Mimi alinifanyia hivyo mwezi wangu wa kwanza, na nakiri kwamba kwa muda mrefu sikumpenda.

Lakini ungemwona Gerezani! Mashine zile zilikuwa zinakufa feni kila mara, na ofisi haikuwa na vipuri, basi alikwenda mwenyewe kwa mafundi wa kule karibu na reli. Siku moja nilimsindikiza. Fundi mmoja akamletea feni iliyopakwa rangi upya.

"Hii mama ni kitu kipya kabisa, cha kwenye boksi."

"Kipya cha wapi? Hii imeshazikwa mara mbili. Usinione nimevaa sari ukadhani nimeshuka jana na meli."

Mafundi walicheka mpaka wakaketi chini. Alitoka pale na feni tatu nzima, na rafu ya chuma waliyomuungia kwa mabaki ya reli, nzito hata watu sita tuliipandisha ghorofani kwa kutukana. Ilibeba mashine zote kumi na sita bila kutikisika.

Nje ya chumba cha mashine alitundika kibao cha misumari. Kila msumari ulikuwa wa toleo moja, jina na namba vimeandikwa chini yake kwa wino mwekundu. Kila mtumiaji alikuwa na kadi ya karatasi ngumu yenye jina lake. Ukianza kutumia toleo fulani, unatundika kadi yako kwenye msumari wake, ukiliacha, unaihamisha. Toleo ambalo msumari wake una kadi, hata kadi moja, halifutwi. Wageni wa mradi waliona ni ushamba. Walisema kuna njia za kisasa, mashine yenyewe inaweza kuhesabu nani anatumia nini. Aliwajibu kwamba mashine inajua mtu alichofanya, haijui alichoahidi.

Kulikuwa na mzee wa udongo ambaye kadi yake ilikaa peke yake kwenye msumari mmoja miaka miwili. Akafariki, tukamzika, na kadi ikaendelea kuning'inia. Nafasi kwenye diski ilikuwa imekwisha, kazi za watu zinakwama, vijana wakamwendea.

"Mama, si tumefuta tu? Mwenyewe kashazikwa."

"Kashazikwa yeye. Kazi yake mmeiulizia?"

Akaenda kwa miguu mpaka idara ya udongo, akakaa huko nusu siku na mrithi wa meza ya marehemu, akahakikisha kila hesabu ya yule mzee inatoka vilevile kwenye toleo jipya. Ndipo akarudi, akaitoa kadi, akaiweka kwenye pochi yake. Sikujua aliipeleka wapi.

Toleo jipya likifika hakuliingiza ndani moja kwa moja. Alikuwa na sehemu kwenye mtambo aliyoiita baraza, na toleo jipya lilikaa huko mwezi mzima. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, "lakini mgeni alale kwanza barazani." Katika mwezi huo kila idara ilitakiwa kumpelekea mfano wa kazi yake, ajaribu kwa mgeni na kwa mwenyeji, alinganishe majibu. Mwezi ukiisha, kama hakuna aliyelalamika, toleo jipya lilihamishiwa mahali alipopaita mlangoni. Hapo ndipo penyewe. Mtu akiita programu kwa jina tupu, bila namba, mtambo ulimpa toleo la mlangoni, lolote litakalokuwa siku hiyo. Kwa hiyo alitukataza majina matupu. Andika jina, andika na namba, kila mara, hata kama unajua kilichopo mlangoni.

"Jina tupu ni la mlevi," alisema. "Mlevi ndiye anayesema nipelekeni nyumbani bila kutaja mtaa."

Ajabu ni kwamba mama huyu ambaye hakufuta kitu cha mtu hakujiwekea chochote. Kaka yake alipofariki tulikwenda Kisutu kumpa pole. Chumba chake kilikuwa na kitanda, kalenda, na picha ya mungu yenye shada la maua makavu. Hakuna kabati, hakuna picha ya mzazi. Tuliketi kitandani kwa zamu. Duka la kaka lilikuwa limeshauzwa kulipia matibabu, tulielezwa hivyo siku hiyohiyo, na wote tulisikia. Nalitaja hili kwa sababu baadaye tulijifanya hatukusikia.

Sasa niseme la kwangu.

Nilikuwa mhandisi wa maji na nilipewa kazi ya kuchora mstari wa mafuriko kwenye bonde lililo chini ya Kariakoo. Walioishi ndani ya mstari wangehamishwa kabla ya masika. Walio nje wangebaki. Ramani tulizokuwa nazo zilikuwa za zamani, na vimo vya ardhi vilikuwa vimeandikwa kwa futi. Toleo la zamani la programu yetu lilikuwa limerekebishwa lisome futi. Kadi yangu ilikuwa kwenye msumari wa toleo hilo tangu siku ya kwanza. Kisha likaja toleo jipya, likalala barazani, na mama akabandika tangazo kwenye mlango wa chumba cha mashine: toleo hili linasoma mita tu. Akanifuata mezani.

"Baba, mfano wako wa kazi uko wapi?"

"Naleta, mama."

"Lini?"

"Kesho."

Kesho hiyo haikufika. Mke wangu alikuwa anakaribia kujifungua, joto lilikuwa kali, umeme ulikuwa wa kubahatisha, na mimi nilikuwa mvivu. Nayaandika mengine yote kwa ajili ya adabu tu. Uvivu ndio uliofanya kazi. Na mle kwenye faili la kazi yangu nilikuwa nimeandika jina tupu. Niliandika hivyo miezi mingi na haikuwahi kunidhuru, kwa kuwa mlangoni palikuwa na toleo lilelile la kwenye kadi yangu.

Mwezi ukaisha, jipya likahamia mlangoni, nikaendesha hesabu. Mtambo ukazichukua futi zangu ukazisoma kuwa mita, kingo za mto zikapanda kwenye karatasi zaidi ya mara tatu, na maji yakabaki chini huko. Mstari wa mafuriko ukarudi nyuma, ukaacha nje safu nzima ya nyumba ambazo mwaka uliotangulia tulikuwa tumeziweka ndani. Nilipoona hivyo nilipaswa kushtuka. Nilifurahi. Nilifurahi kwamba sitakwenda kuwaambia watu wengi wahame.

Nikashuka bondeni na ramani. Katika safu ile alikuwepo mama mmoja, muuza vitumbua, mume wake amepooza miguu na mkono. Alikuwa ameshafunga mizigo, wanataka kuvuka Magogoni kwenda kwa ndugu zake Kigamboni. Aliniuliza mara mbili.

"Una hakika, baba? Huyu wangu si wa kukimbia."

"Hapa maji hayafiki, mama. Fungua mizigo."

Alifungua mizigo mbele yangu. Akanifungia vitumbua vinne kwenye gazeti, nikavila njiani nikirudi ofisini.

Mvua ilinyesha siku tatu. Siku ya nne, mchana kweupe, mama wa vitumbua akiwa juu barabarani anauza, maji yalishuka yote kwa pamoja. Mume wake yalimkuta kitandani. Majirani walijaribu, wakafika mlangoni, wakarudi.

Tuliitwa kwa mkurugenzi: wakuu wa idara, Mama Moduli na mimi. Mama Moduli alikaa karibu na dirisha, karatasi iliyokunjwa iko mapajani.

"Programu ilibadilishwa au haikubadilishwa?" mkurugenzi aliuliza.

"Ya mlangoni ilibadilishwa," alisema.

"Na nani?"

"Na mimi."

"Na mhandisi huyu alikuwa anatumia toleo lipi?"

Mama Moduli aligeuka akaniangalia. Mkurugenzi hakungoja, alitoka koridoni, akarudi na kadi yangu, kaichomoa kwenye msumari. "Kadi yake iko kwenye la zamani. Kijana anajua anatumia la zamani, kumbe mama amelibadilisha."

"Sivyo linavyofanya kazi," alisema Mama Moduli. "Toleo lake lipo mpaka sasa. Angeliita lingekuja."

"Mhandisi, wewe wasemaje?"

Mtoto wangu alikuwa na wiki tatu. Orodha mpya ilikuwa inatayarishwa na kila mtu alijua. Nilisema, "Kadi yangu ilikuwa pale, mzee."

Ilikuwa kweli. Sikusema uongo hata neno moja, na kwa miaka mingi nimejaribu kujifariji kwa hilo, halifariji. Mama Moduli aliendelea kuniangalia muda mfupi, kisha akaiangalia karatasi yake, hakuikunjua. Wiki iliyofuata jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Koridoni watu walisema, "Ah, hawa Wahindi wana maduka, huyo hatalala njaa." Walisema hivyo watu waliokalia kile kitanda chake cha Kisutu. Nilikuwepo, na nilitikisa kichwa kuitikia.

Alipewa wiki mbili. Alizitumia kumwandikia kila mtumiaji, kwa mkono, karatasi yenye moduli zake zote, majina na namba, na mambo ya kuangalia. Yangu aliiweka mezani kwangu nikiwa nimekwenda chai. Haikuwa na salamu wala lawama, isipokuwa kwamba mstari wa programu ya mafuriko aliupigia mstari chini, na pembeni kaandika: futi.

Aliyemrithi alikuwa kijana mwenye vyeti vizuri. Alifuta matoleo yote ya zamani siku ya tatu ili kupata nafasi. Idara zikaanza kupata majibu yasiyofanana na ya mwaka jana, zikaacha kuuamini mtambo, kila moja ikajinunulia kompyuta yake Kariakoo. Jengo likabinafsishwa. Kibao kilichukuliwa na mlinzi akatundikie funguo. Watu hawakuwa wabaya, nataka hili lieleweke. Tulikuwa na haraka, na haraka ndiyo iliyokuwa sera.

Nilimwona tena mara moja tu, miaka mingi baadaye, mtoto wangu yule akiwa sekondari. Ilikuwa Shimoni, ile ghorofa ya chini ya soko la Kariakoo, asubuhi. Alikuwa ameinamia bamia, anavunja ncha ya moja moja kupima kama ni changa, na muuzaji analalamika. "Mama unaniharibia mzigo!" "Kwani nanunua kamba? Hizi zimekomaa hizi." Mgongo ulikuwa umepinda, miwani imefungwa kwa uzi. Sauti ilikuwa ileile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Aliinua macho. "Mhandisi wa futi."

Nilikuwa nimeyapanga maneno haya kwa miaka. Yalitoka yakiwa yamechanganyikana. Nilimwambia niliandika jina tupu. Nilimwambia sikuleta mfano, kwamba kadi ilikuwa ya uongo japo ilikuwa kwenye msumari wa kweli, kwamba nilimwacha abebe mzigo wangu. Muuzaji wa bamia alisikiliza waziwazi. Nilikuwa nalia, na sikuona aibu, nilitaka anione.

"Karatasi ya mtambo nilikuwa nayo," alisema. "Siku, saa, jina lako, na jina tupu."

"Mbona hukuitoa, mama?"

"Niliona unataka kusema. Nikangoja. Nikangoja na zile wiki mbili. Halafu nikachoka."

"Nisamehe."

"Mimi nilipoteza kazi. Kazi zote zilikuwa zinakwisha, na yangu ingekwisha." Alivunja ncha nyingine, akaitia ile bamia kwenye kikapu. "Yule mama wa vitumbua umemwambia?"

Nilisema sikujua amehamia wapi.

"Hajahama. Anakaangia palepale barabarani. Mimi hununua kwake kila Ijumaa." "Anasema ilikuwa kazi ya Mungu. Anasema yule mhandisi alikuwa kijana mzuri, alimtoa wasiwasi."

Aliningoja, kama alivyokuwa akiwangoja wote, mpaka alipoona hakuna kitakachokuja.

"Sasa kwangu umekuja kufanya nini?" alisema, akageukia bamia zake.

Nilipanda ngazi nikatoka juani. Kutoka pale sokoni mpaka bondeni ni mwendo wa robo saa kwa miguu, na ilikuwa Ijumaa. Nilisimama kando ya barabara muda mrefu kidogo. Kisha nikapanda gari nikaenda nyumbani.